Urithi wa Saratani ya Jicho na Uchaguzi wa Picha

Mwaka 1971 Alfred Knudson, daktari wa Houston, Marekani, alichunguza taarifa za wagonjwa 48 wa retinoblastoma, yaani saratani ya retina inayowapata watoto wadogo. Aliona kuwa walioathirika macho yote mawili kwa kawaida waliugua mapema kuliko walioathirika jicho moja. Kwa nini? Kila chembe hai ina nakala mbili za jeni inayozuia uvimbe huu, katika kromosomu ya 13. Saratani huanza zote mbili zinapoharibika. Mtoto aliyerithi nakala mbovu anayo katika kila chembe ya mwili wake, basi uharibifu mmoja zaidi watosha. Asiyerithi lazima apatwe na ajali mbili katika chembe ileile, jambo la nadra.

Hapa ndipo upigaji picha hospitalini uhitajipo busara. Eksirei, hata zile za kompyuta, zaweza kuidhuru nakala iliyosalia, na si jichoni tu. Ndiyo maana madaktari hupendelea mawimbi ya sauti na picha za sumaku. Hata hivyo dalili ya kwanza mara nyingi huonekana nyumbani: mboni ing'aayo weupe, pengine katika picha iliyopigwa kwa taa ya kamera. Mtoto huyo apelekwe kwa daktari wa macho bila kungoja maumivu.