Kumtambua Ndege wa Msituni kwa Kiswahili: Mfano wa Msitu wa Arabuko-Sokoke

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna ndege wa msitu wa kitropiki anavyotambuliwa katika makao yake ya asili, na nafasi ya lugha ya Kiswahili katika utambuzi huo. Msitu wa Arabuko-Sokoke, ulioko pwani ya Kenya, umetumiwa kuwa kielelezo. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili kina utajiri mkubwa wa majina ya ndege waliofugwa, waliotegwa, waliokula mazao au walioogopwa, lakini kina pengo kuhusu ndege wadogo wa msituni ambao ndio walio katika hatari ya kutoweka. Makala yanaeleza mbinu za utambuzi, yanachambua jinsi majina yaliyopo yalivyoundwa, kisha yanapendekeza njia ya kuliziba pengo hilo.

1.0 Utangulizi

Ndege ni kiumbe aliyezoeleka katika fasihi ya Kiswahili. Methali zinamtaja kunguru mwoga anayekimbiza ubawa wake, na kanga asiyezaa ugenini. Hurafa hazikosi ndege mjanja au ndege mpeleka habari. Hata hivyo, mtu akichunguza kwa makini ataona kwamba ndege hawa wa fasihi ni wale wale wa uani, wa shambani na wa vichakani. Ndege wa ndani ya msitu, anayeishi katika matawi ya juu au chini ya majani makavu, hatajwi kwa nadra.

Ukimya huo una sababu. Ndege wa msituni haonekani kwa urahisi. Mtu anaweza kuingia msituni asubuhi, akasikia sauti kumi tofauti, akatoka bila kumwona hata ndege mmoja vizuri. Ili amtambue, hana budi kusikiliza, kulinganisha na kueleza. Kazi zote tatu zinahitaji msamiati. Kwa hivyo, suala la kuwatambua ndege ni la mwanafunzi wa lugha sawa na lilivyo la mwanafunzi wa baiolojia.

2.0 Msitu wa Arabuko-Sokoke

Msitu huu uko katika Kaunti ya Kilifi, kati ya miji ya Kilifi na Malindi, karibu na magofu ya Gede. Una eneo la takribani kilomita za mraba 420, na ndio msitu mkubwa zaidi wa pwani uliosalia ukiwa kipande kimoja katika Afrika Mashariki. Zaidi ya spishi 200 za ndege zimeorodheshwa humo.

Anayetaka kuwatambua ndege wa Arabuko-Sokoke sharti aanze kwa kuutazama udongo. Upande wa mashariki, penye mchanga wa kijivu na mvua nyingi kidogo, kuna msitu mchanganyiko wenye miti kama mbambakofi. Katikati, juu ya mchanga mweupe, kuna miti ya mrihi iliyoachana, na mwanga hupenya hadi chini. Upande wa magharibi, penye udongo mwekundu, kuna vichaka vizito vya miti ya Cynometra. Kila sehemu ina ndege wake. Atakayemtafuta ndege wa udongo mwekundu kwenye mchanga mweupe atachoka bure.

Ndege watatu watatumiwa hapa kama mifano. Wa kwanza ni bundi mdogo ajulikanaye kisayansi kama Otus ireneae, aliyeelezwa na wanasayansi mwaka 1966. Urefu wake haufiki sentimita 20. Wapo wa rangi ya kijivu, wa kahawia na wa wekundu wa kutu. Huyu huishi katika vichaka vya Cynometra, na nje ya Kenya anapatikana pia katika misitu ya chini ya milima ya Usambara, Tanzania. Wa pili ni ndege mfumaji aitwaye Ploceus golandi, aliyeelezwa na Clarke mwaka 1913. Huyu hapatikani popote ulimwenguni isipokuwa Kilifi. Wa tatu ni Anthus sokokensis, ndege mdogo wa rangi ya hudhurungi mwenye michirizi, ambaye hutembea ardhini akitafuta wadudu, na akishtuliwa huruka akatua juu ya tawi.

3.0 Mbinu za utambuzi

3.1 Wakati na mwendo

Wakati bora ni baina ya saa 12 na saa 3 asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Ndege huimba na kula zaidi wakati huo. Saa za alasiri, kuanzia saa 10, zinafaa pia. Mtazamaji avae nguo zisizong'aa, atembee polepole na asimame mara kwa mara. Dakika kumi za kusimama kimya mahali pamoja hufaa kuliko saa nzima ya kutembea, kwa kuwa ndege aliyejificha akisikia kishindo hujitokeza tena utulivu ukirudi.

3.2 Tabaka

Msitu una tabaka kama nyumba ya ghorofa. Kuna sakafu ya majani makavu, vichaka vya chini, matawi ya katikati na kilele. Ndege wengi hushikilia tabaka moja. Anthus sokokensis atafutwe sakafuni. Mfumaji wa Kilifi atafutwe kileleni mwa mirihi, ambako huandamana na ndege wengine wala wadudu katika kundi mchanganyiko. Kundi la namna hiyo linapopita, msitu uliokuwa kimya hujaa ndege kwa dakika chache, kisha hurudi kimya. Mtazamaji mwenye busara hubaki na kundi hilo badala ya kukimbilia ndege mmoja mmoja. Vilevile, anapoona siafu wakipita, asimame mbali kidogo na kungoja, maana wako ndege wanaofuata msafara wa siafu ili kudaka wadudu wanaokimbia.

3.3 Sauti

Sikio hutangulia jicho. Otus ireneae hutambuliwa usiku kwa sauti moja fupi, ya juu, inayorudiwa mara kadhaa kwa nafasi sawa. Mchana hulala tawini ndani ya kichaka, akiwa amejibana hata akafanana na jani kavu. Wageni wengi humwona mchana kwa msaada wa waelekezaji wenyeji, ambao hujua mahali anapolala.

Mwanafunzi ajizoeze kuandika sauti kwa tanakali. Aandike kama sauti ni moja au nyingi, kama inapanda au inashuka, kama ni ya kukwaruza au ya mluzi. Kupiga sauti iliyorekodiwa ili kumwita ndege kusifanywe ovyo, kwani humfanya aache kula au kulinda kiota chake akimtafuta mpinzani asiyekuwapo.

3.4 Maelezo ya umbo

Ndege akionekana, huonekana kwa sekunde chache. Mambo manne yashikwe kwanza: ukubwa, mdomo, mkia na tabia. Ukubwa hupimwa kwa kulinganisha. Je, ni sawa na shomoro, njiwa au kunguru? Mdomo ni mnene wa kuvunjia mbegu, au mwembamba uliopinda kama wa chozi anayefyonza maua? Mkia unachezwa juu na chini? Ndege anatembea au anarukaruka? Baada ya hapo ndipo zije rangi za utosi, kisogo, kidari na mbawa. Rangi ni shahidi asiyeaminika katika kivuli cha msitu, ambamo kijani huonekana kijivu na manjano huonekana kahawia.

4.0 Uundaji wa majina yaliyopo

Kiswahili si maskini wa majina ya ndege. Majina hayo yanaweza kuwekwa katika mafungu kadhaa kwa kuzingatia jinsi yalivyoundwa.

Kwanza, yapo majina yanayodokeza sauti. Hondohondo, kulukulu na tipitipi yana urudufishaji unaolingana na mlio unaorudiwa. Anayelijua jina amekwisha kupewa nusu ya utambuzi. Pili, yapo majina yanayotokana na kitendo. Kigogota ni ndege anayegogota miti. Tatu, yapo majina ambatano yanayobeba imani, kama babewatoto, jina la bundi mkubwa. Nne, yapo majina ya jumla yanayoongezewa mahali, kama kunguru wa Bara Hindi, ndege mgeni aliyeenea katika miji ya pwani.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kiwango cha upambanuzi. Kiswahili kinamtenga kanga na kororo. Kanga ni wa nyika iliyo wazi, na kichwani ana pembe ya mfupa. Kororo ni wa msituni, na kichwani ana kishungi cha manyoya meusi. Kadhalika, jamaa ya njiwa imegawanywa kwa uangalifu: kuna njiwa, tetere, pugi na ninga. Mifano hii inaonyesha kwamba Kiswahili kina uwezo wa kutofautisha spishi zinazokaribiana.

Swali linalozuka ni hili: kwa nini upambanuzi huo haukuwafikia ndege wote? Yaelekea majina yalifuata chungu na shamba. Kanga, kororo na jamaa ya njiwa walitegwa na kuliwa. Kwera na shomoro walishambulia nafaka. Mwewe alinyakua vifaranga. Bundi aliogopwa. Kila mmoja alikuwa na faida au hasara iliyomlazimu mtu kumtaja kwa jina lake. Ndege wa gramu chache anayetembea chini ya mirihi hakujaza chungu wala hakumaliza mtama. Akaitwa kidege, na mambo yakaishia hapo.

5.0 Pengo na njia ya kuliziba

Hali ya leo si ile ya zamani. Ndege yule asiyefaa chunguni ana thamani mpya. Wageni husafiri kutoka nchi za mbali ili wamwone bundi wa Arabuko-Sokoke, na waelekezaji wenyeji hupata riziki kwa kumwonyesha. Wakati huo huo, ukataji wa miti na uchomaji wa makaa unapunguza makao ya ndege hawa. Otus ireneae na Ploceus golandi wamo katika orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini.

Mfano wa Ploceus golandi unafundisha mengi. Kwa karibu miaka 100 tangu aelezwe kisayansi, mahali anapozalia hapakujulikana na wanasayansi. Mwaka 2013 ndipo viota vyake vilipopatikana katika kinamasi cha msimu huko Dakatcha, kaskazini ya mto Sabaki. Dakatcha haimo ndani ya msitu wa hifadhi. Ni eneo la wakulima, wafugaji na wachoma makaa. Hatima ya ndege huyu basi imo mikononi mwa watu ambao lazima waelezwe habari zake kwa lugha wanayoielewa. Mhadhiri au afisa wa mazingira atakayewahutubia kwa Kiswahili atamwita nani? Akisema "mnana", msikilizaji atamfikiria mnana yeyote wa manjano anayefuma viota mnazini, naye ataona wamejaa tele. Hatari haitaeleweka.

Upande wa bundi kuna tatizo jingine. Neno "bundi" limesheheni dhana ya mkosi. Kumwomba mwanakijiji amhifadhi bundi bila kulishughulikia neno lenyewe ni kumpa mzigo wa imani na kumtaka autue bila maelezo. Kivumishi na mahali vinaweza kusaidia hapa: "bundi mdogo wa Sokoke" humtenga kiumbe huyu na bundi wa paani anayehofiwa.

Makala haya yanapendekeza hatua tatu. Kwanza, majina ya Kimijikenda yanayotumiwa na wazee na waelekezaji wa msituni yakusanywe, kwa kuwa lugha hizo ni jamaa wa Kiswahili na wenye lugha hizo ndio waliouishi msitu. Pili, pasipokuwa na jina, litumiwe jina la jumla la Kiswahili pamoja na mahali au sifa bainifu. "Mnana wa Kilifi" ni fupi, ni kweli, na hutangaza kwamba ndege huyu hana kwao pengine. Tatu, istilahi zipimwe msituni kabla ya kuingizwa kamusini. Jina ambalo mwelekezaji hawezi kulitamka kwa mnong'ono wakati ndege yuko tawini halitadumu.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kumtambua ndege wa msituni ni kusoma udongo, tabaka, sauti na umbo, na kwamba kila hatua inategemea maneno. Imeonyeshwa pia kwamba Kiswahili kimewahi kuwapambanua ndege kwa ustadi pale maisha yalipodai. Maisha sasa yanadai tena, kwa sababu nyingine. Wanafunzi wa Kiswahili wanaokwenda nyanjani kukusanya ngano na nyimbo wangefanya vyema kubeba pia darubini na kuuliza jina la kila ndege anayesikika. Kiumbe asiye na jina midomoni mwa majirani zake hutoweka bila kutangaziwa tanzia.

Maswali ya mjadala

1. Taja majina matano ya ndege katika lugha yako ya kwanza na ueleze kama yametokana na sauti, kitendo, umbo au imani.

2. Sikiliza ndege mmoja alfajiri kwa siku tatu mfululizo. Andika mlio wake kwa tanakali, kisha ulinganishe na ulivyoandikwa na mwenzako.

3. "Majina ya ndege yalifuata chungu na shamba." Jadili kauli hii ukirejelea majina ya samaki au ya miti katika Kiswahili.