SOMO: NANI NI MKONGOMANI?

Lengo la somo: Kujua sheria inasema nini juu ya uraia, ili neno «mgeni» lisitumiwe kumfukuza mtu.



Hapa Bunia swali moja hurudi mara nyingi katika mikutano: «Huyu ni wa wapi?» Swali lenyewe si baya. Lakini wakati wa vita vya Ituri, 1999 hadi 2003, jibu lake liliweza kumfanya mtu auawe katika kartiye alimozaliwa. Basi tujifunze jibu la sheria.

1. Kipindi cha mpito
Mapatano yaliyotiwa sahihi Pretoria tarehe 17 Desemba 2002 yalizaa serikali ya mpito ya 2003, yenye rais mmoja na makamu wanne. Kazi yake ilikuwa kuunganisha nchi na kutayarisha uchaguzi. Lakini nani angepiga kura kama haijulikani nani ni raia? Sheria ya uraia ilitolewa tarehe 12 Novemba 2004, kabla ya uchaguzi wa Julai 2006.

2. Sheria inasema nini?
Mkongomani wa asili ni mtu wa kabila lolote ambalo watu wake na eneo lake vilikuwa Kongo wakati wa uhuru, 1960. Sheria haiulizi nani alifika kwanza. Mhema, Mlendu, Mbira, Mmbuti: wote ni sawa. Waalur wana ndugu Uganda kwa sababu wakoloni ndio waliochora mpaka. Hilo halimfanyi Mualur wa Mahagi kuwa mgeni. Mtu mwingine pia anaweza kupewa uraia kwa kufuata sheria.

3. Katiba ya 2006
Kifungu cha 13 kinakataza ubaguzi wa kabila. Kifungu cha 30 kinampa mtu haki ya kutembea na kukaa popote nchini. Wazee husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini Mkongomani aliyekimbilia Bunia si mgeni hata siku ya kwanza: yuko nchini mwake.

4. Tufanye nini?
Sheria peke yake haizuii panga. Ituri ilifanywa mkoa mwaka 2015, na mwisho wa 2017 mauaji yakarudi Djugu. Kwa hiyo:
– Tusigeuze ugomvi wa shamba kuwa ugomvi wa uraia. Shamba lina mipaka na mashahidi; lipelekwe kwa wapatanishi au mahakamani.
– Tuandikishe watoto wanaozaliwa kambini, na tutunze karatasi zetu.
– Kiongozi akisikia kabila zima likiitwa «wageni», asinyamaze.

Maswali ya kujadiliana
1. Katika kikundi chenu, nani huitwa «mgeni», na kwa nini?
2. Siku ya kurudi kijijini, mtamwambia nini jirani wa kabila lingine?