Gauni la shifoni la msimu wa joto: dondoo za kushona nyumbani

Shifoni huharibikia mezani kabla haijafika kwenye cherehani. Tandaza karatasi nyembamba, weka kitambaa juu yake, kata vyote pamoja kwa mkasi mkali. Usikikunje mara mbili kama kitenge. Kata kipande kimoja kimoja. Pini zichomeke ndani ya nafasi ya mshono tu, maana matundu yake huonekana.

Badilisha sindano. Namba 14 iliyozoeleka ni nene mno. Weka mpya ya namba 9 au 11. Unapoanza, shika ncha zote mbili za uzi kwa nyuma, la sivyo kitambaa kitavutwa chini na kujisokota.

Kwa kuwa shifoni huonyesha ndani, ficha kingo zote. Acha sentimita 1.2 za mshono. Kutanisha pande za ndani za vipande, shona milimita 6 kutoka ukingoni, punguza hadi milimita 3. Geuza ili pande za nje zikutane, piga pasi ya moto mdogo, kisha shona tena milimita 6. Nyuzi zote zinabaki zimefungiwa humo. Kazi ni mara mbili, lakini inastahili kabisa.

Bitana iwe ya pamba nyepesi. Ya poliesta, kwa joto la Februari la Dar es Salaam au Mombasa, ni mateso.

Pindo liwe la mwisho: tundika gauni usiku kucha, hasa likiwa la mkato wa mshazari, kwa sababu hurefuka upande upande. Sawazisha ndipo ukunje.