Haki za binadamu katika mikataba ya biashara: Nani ameshika fimbo?

Mijadala ya haki za binadamu katika mikataba ya biashara huonekana kama ugomvi wa wakubwa wa Washington na Brussels, usiomhusu mkulima wa mpunga wa Msangano kule wilayani Momba. Mimi naona unamhusu yeye kuliko wote. Mkulima huyu akitafuta soko la nje, milango iliyo karibu naye ni Tunduma kwa upande wa Zambia na Kasumulu kwa upande wa Malawi. Milango yote miwili inafunguliwa na kufungwa na watu asiowajua, kwa mikataba asiyopata kuisoma.

Tuchukue mfano wa karibu. Machi 2025 Malawi ilizuia baadhi ya bidhaa kutoka nje, mchele na mahindi vikiwamo, ili kulinda wazalishaji wake na akiba ya fedha za kigeni. Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo kutoka Malawi, na pia kutoka Afrika Kusini ambayo kwa miaka ilikuwa ikikataa ndizi zetu. Baada ya mazungumzo, zuio la Tanzania likaondolewa. Kwa lugha ya wanadiplomasia, hayo ni mafanikio. Lakini mchuuzi mwenye nyanya hana muda wa kungoja mawaziri wakutane. Hakuna kifungu kinachosema ni nani atakayemlipa zikioza barabarani.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kuwa ukishaandika maneno "haki za binadamu" ndani ya mkataba basi mnyonge amelindwa. Haki huandikwa kwa namna mbili: kama fimbo mkononi mwa mwenye nguvu, au kama mlango ambao aliyedhulumiwa anaweza kuubisha mwenyewe.

Fimbo tunaijua. Sheria ya Marekani ya AGOA ya mwaka 2000 iliruhusu bidhaa za nchi za Afrika kuingia bila ushuru, kwa masharti yakiwamo ya haki za binadamu, na rais wa Marekani peke yake ndiye aliyekuwa hakimu. Kuanzia Januari 1, 2022, Ethiopia iliondolewa kwa sababu ya vita vya Tigray. Sisemi kwamba hakukuwa na dhulma Tigray. Ilikuwapo, tena kubwa. Swali langu ni nani aliyechapwa. Katika eneo la viwanda la Hawassa, maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wasichana, walikuwa wakishona nguo za soko la Marekani. Kampuni ya PVH iliondoka Novemba 2021, kabla hata ya tarehe yenyewe kufika. Majenerali hawakuwa wakishona mashati. Mkataba wa amani ukasainiwa Pretoria Novemba 2022, lakini hadi muda wa AGOA ulipokwisha Septemba 2025 Ethiopia ilikuwa bado nje.

Waislamu tunao mfano wa namna ya pili, nao ni wa biashara hasa. Mfanyabiashara kutoka Zabid, Yemen, aliuza bidhaa zake Makka kwa al-Aas bin Wail, mmoja wa vigogo wa Kikureshi, naye akagoma kulipa. Baadhi ya koo zikakutana nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an na kufunga Hilful Fudhul. Mtume (s.a.w.) alihudhuria kabla ya kupewa utume, na baadaye alisema angeitwa kwenye mapatano kama yale katika Uislamu, angeitika. Angalieni walichofanya. Hawakufunga njia ya misafara ya Yemen ili kuonyesha hasira. Walimwendea mdaiwa mwenyewe, mali ikarudi kwa mwenyewe.

Kwa zama zetu, jambo linalokaribia hilo limetokea Zambia, kwenye ukanda wa shaba, ambako hutoka malori tunayoyaona yakipanga foleni Tunduma kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Wanakijiji zaidi ya 1,800 wa Chingola walilalamika kuwa mgodi wa kampuni ya Konkola umechafua maji yao. Wakaishitaki kampuni mama, Vedanta, huko Uingereza. Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kuwa kesi inaweza kusikilizwa kule, na Januari 2021 pande mbili zikamalizana, kampuni ikiwa haijakiri kosa. Shaba iliendelea kupita Tunduma muda wote huo.

Tatizo ni kwamba mlango ule ulikuwa London. Sisi wenyewe tulikuwa na wetu: Mahakama ya SADC iliyokuwa Windhoek, ambako mtu binafsi aliweza kuishitaki serikali. Mwaka 2008 ilitoa hukumu dhidi ya Zimbabwe katika kesi ya wakulima wazungu walionyang'anywa mashamba. Mimi si mtetezi wa masetla, lakini mahakama haijengwi kwa ajili ya mlalamikaji tunayempenda tu. Zimbabwe ilikaidi, na wakuu wa nchi, badala ya kuibana, wakaisimamisha mahakama yenyewe mwaka 2010. Itifaki mpya ya 2014 ikasema mashauri yawe ya serikali kwa serikali. Eneo Huru la Biashara la Afrika nalo limefuata mkondo huo huo kwa migogoro ya biashara.

Matokeo yake ni haya. Mchuuzi wa Namanga akiona serikali ya Kenya imevunja Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, anaweza kufungua shauri kwa jina lake mwenyewe katika Mahakama ya Jumuiya pale Arusha, mradi awahi ndani ya miezi miwili. Mwenzake wa Tunduma au Kasumulu, mzigo wake ukizuiwa na Zambia au Malawi, hawezi, kwani nchi hizo hazimo katika Jumuiya hiyo. Atangoje serikali yake iamue kama magunia yake yanastahili ugomvi.