Mionzi, Moyo na Unene wa Mwili: Maelezo kwa Wakazi wa Kinampanda

Mkazi wa Kinampanda ambaye mapigo ya moyo wake yamepoteza nidhamu, mara yakienda mbio na mara yakisita, huanzia hospitali ya wilaya pale Kiomboi, na tabibu akiona lazima humpa rufaa ya Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, au ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ambako, kwa kadiri ya maradhi yake, atawekewa betri ya moyo au atapenyezewa mrija mwembamba mshipani ili kuunguza kijisehemu kinachozusha fujo. Tabibu huuongoza mrija huo akiutazama katika kioo kwa msaada wa eksirei, mionzi aliyoigundua Wilhelm Röntgen mwaka 1895.

Mionzi hiyo humezwa na nyama na mafuta kadiri inavyopita, hata kila sentimita 4 au 5 za mwili huizuia takriban nusu yake. Na kwa kuwa mtambo umeundwa kutoa picha safi, ukikuta kifua kinene huongeza mionzi wenyewe, pasipo kuamrishwa na mtu. Uchunguzi wa Leuven, Ubelgiji, uliotangazwa mwaka 2007, ulidhihirisha kwamba katika tiba ya kuunguza kwa mrija wanene walipata mionzi zaidi ya maradufu ya wenye uzito wa kawaida. Hatuandiki haya kumtahayarisha mtu, maana kwetu unene umehesabiwa tangu zamani kuwa dalili ya neema.

Mzigo mkubwa huangukia ngozi ya mgongo, kwani aghalabu mionzi hutokea chini ya kitanda. Ngozi ikipokea kiasi cha grei 2 (grei ni kipimo cha mionzi inayomezwa na mwili) au zaidi katika tiba moja yaweza kuwa nyekundu, na madhara mengine hukawia majuma kadhaa, wakati mgonjwa amekwisha kurudi nyumbani. Ndipo doa la mgongoni hudhaniwa kuwa fangasi, likapakwa dawa za kila aina, ilhali hakuna aliyekumbuka kutaja tiba ya moyo. Ukiona doa la namna hiyo, mweleze tabibu wa Kiomboi ulikotibiwa na lini.

Wataalamu nao wana mbinu zao za kupunguza mionzi hiyo: huinua kitanda kukitenga na chanzo cha mionzi, hukisogeza kipokea picha karibu na kifua, hubana upana wa mionzi, na hupunguza idadi ya picha kwa kila sekunde. Fauka ya hayo, Sheria ya Nguvu za Atomu ya mwaka 2003 imeikabidhi Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania usimamizi wa matumizi ya mionzi nchini.

Basi usiikatae tiba kwa hofu ya mionzi, maadamu moyo usiotibiwa waweza kuwa hatari kubwa zaidi. Kubali kupimwa uzito na kimo, taja eksirei ulizokwisha kupigwa, na mwanamke asifiche mimba, wala shaka ya mimba. Tiba ikimalizika, omba uandikiwe kiasi cha mionzi ulichopokea, ukihifadhi pamoja na kadi yako ya hospitali.