Bakshishi ya Wasini itolewe mezani

Wageni wengi wanaokwenda kisiwa cha Wasini kwa matembezi ya siku moja hutoa bakshishi jioni, gatini Shimoni, wakati wa kuagana. Nahodha anapata chake, mabaharia wanapata chao, mwongoza wageni naye hasahauliki, kisha watu wanapanda gari kurudi Diani au Mombasa. Lakini aliyepika wale kaa na wali wa nazi, na aliyezunguka na sinia kutwa nzima, wamebaki ng'ambo. Hawakuvuka pamoja nawe. Kama hukuwapa pale mezani, basi hukuwapa.

Tatizo jingine ni kwamba mara nyingi hakuna bili. Umelipia safari nzima kwa pamoja: gari, mashua, tiketi ya hifadhi ya baharini ya Kisite-Mpunguti, kuogelea na kutazama pomboo, halafu chakula cha mchana kisiwani. Ile desturi ya kuangalia jumla na kuchukua asilimia 10 haina pa kushika. Ndiyo maana watu wazima wenye nia njema huinuka mezani wakidhani kila kitu kimeshalipwa. Chakula kimelipwa, ndiyo. Bakshishi haimo, labda uwe umeambiwa waziwazi na aliyekuuzia safari, na hilo muulize siku unapolipia, si ukiwa tayari umeshiba.

Kwa hiyo hesabu kwa vichwa. Ushauri wangu ni shilingi 200 kwa kila mtu mzima kwa watu wa mezani na jikoni, na kiasi kama hicho kwa watu wa mashua, zikae mbalimbali tangu asubuhi. Familia yenye watu wazima watano itaacha 1,000 kisiwani. Kundi la wanafunzi 20 wakichanga 50 kila mmoja watafika palepale bila mtu kuumia. Anayeweza zaidi atoe zaidi, hasa ikiwa mna watoto wadogo, maana meza ya watoto ina kazi mara mbili.

Kazi yenyewe itazame kwa karibu. Kaa anakuja mzima, na kijigongo cha mbao cha kumvunjia. Asiyezoea hupiga gando likaruka hadi meza ya jirani. Mhudumu mzuri atasimama kando yako, alilaze gando ubavu, aligonge mara moja kwenye kiungo, kisha akuonyeshe pa kuvutia nyama. Atamfanyia hivyo mtoto wako wa kwanza na wa pili, ataleta ndimu, ataleta maji ya kunawa, na mkimaliza ataleta maji tena. Maji hayo si mepesi. Wasini haina mto wala chemchemi. Watu wake wameishi kwa maji ya mvua yanayokingwa birikani na kwa maji yanayovushwa kutoka bara. Mchele, unga, mafuta, soda, gesi, vyote vimekuja kwa chombo. Kisiwani hakuna gari, kwa hiyo kutoka ufukweni hadi jikoni kila kitu ni begani au kichwani mwa mtu.

Ukila mahali penye bili, kisiwani au Diani, isome mpaka chini. Utakuta VAT ya asilimia 16 na, kwa wengi, ushuru wa utalii wa asilimia 2. Hizo ni za serikali, hazimfikii mhudumu. Kinachokuhusu ni mstari wa ada ya huduma. Kama upo, ongeza 100 au 200 mkononi kwa aliyekuhudumia vizuri na usijisikie vibaya. Kama haupo, asilimia 10 inatosha: bili ya 3,600, toa 350 au 400. Kwenye hoteli ya chapati na maharagwe kule Ukunda hakuna anayekudai kitu. Ukimwachia chenji ya 50, umefanya vyema.

Jamaa waliotoka Marekani watataka kuweka asilimia 20, na huwa wanashangaa sisi tukitoa kidogo. Kule sheria ya nchi inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 tu kwa saa, kiwango kisichobadilika tangu 1991, kwa kutegemea kwamba mteja atajazia. Kenya haina kima cha chini cha namna hiyo cha mtu wa bakshishi. Mshahara ni deni la mwajiri, chako ni nyongeza. Mwache mgeni atoe asilimia zake kama ana uwezo, lakini wewe wa Kwale au Nairobi usikimbie aibu kwa kutotoa kabisa eti kwa sababu huwezi kumfikia yeye.

Pesa zivunje mapema. Kabla ya kukata kona ya Kanana kuelekea Shimoni, uwe na noti za 100 na 200 za kutosha, ndani ya mfuko usioingia maji. Noti ya 1,000 kisiwani ni kumpa mhudumu kazi ya kuzunguka kutafuta chenji. Sarafu za yuro au za pauni usimpe mtu: maduka ya kubadilisha fedha hayazipokei, naye atabaki nazo mfukoni.

M-Pesa ni sawa, ila ukilipa kwenye till, pesa imeingia kwa mwenye biashara. Muulize mhudumu, "Kaka, nikutumie kwa namba yako?" Akikubali, weka na ya kutolea. Muulize pia kama wanagawana na jikoni. Mahali penye kisanduku cha pamoja, tia humo, kwa sababu mpishi humwoni. Pasipo na kisanduku, toa mafungu mawili na useme moja ni la jikoni, mbele ya mhudumu mwenzake.

Toa kwa mkono wa kulia, noti imekunjwa, bila kutangaza. Kama aliyekuhudumia ni mwanamke na wewe ni mwanamume, iweke kwenye sahani ya bili au mezani na useme, "Ahsante dada, hii ni yako." Kijiji cha Wasini ni cha Waislamu, na watu wanatazamana. Mwezi wa Ramadhani anayekuandalia mchana huenda amefunga, anavunja kaa asiyemwonja. Mwezi huo mimi naongeza.

Chakula kikichelewa, angalia kwanza kama ninyi ndio mliochelewa baharini. Mhudumu akiwa mkali au mzembe, punguza, na umwambie msimamizi kwa nini.

Tofautisha kiingilio na bakshishi. Unacholipa kupita kwenye njia ya mbao ya kina mama wa Wasini, kati ya mikoko na matumbawe, ni cha kikundi chao. Watoto wanaofuatafuata usiwape pesa.

Na ukialikwa kula nyumbani kwa mtu, katika kijiji cha Wasini au cha Mkwiro, usiache noti chini ya sahani. Utamvunjia mwenyeji heshima. Nenda na sukari, majani ya chai na unga wa ngano, umkabidhi mama wa nyumba unapoingia.