SOMO LA ROBO HII: ANAYEUGUZA NAYE AANGALIWE



Tunapochangia hospitali, kwa kawaida tunafikiria dawa, vitanda na glavu. Somo hili linamhusu mtumishi anayevaa glavu hizo.

Mwaka 2000 Ebola iliingia Gulu, kaskazini mwa Uganda. Watu 425 waliugua na 224 kati yao walifariki. Katika Hospitali ya Misheni ya St. Mary's Lacor, wauguzi walipoteza wenzao mmoja baada ya mwingine, na huko mitaani baadhi yao waliepukwa na majirani. Mwishoni mwa Novemba walitaka kuacha kazi. Mganga mfawidhi, Dkt. Matthew Lukwiya, alikutana nao, akawasikiliza. Hakumlazimisha mtu; alisema yeye atabaki. Wauguzi walirudi wodini. Dkt. Lukwiya mwenyewe aliugua, akafariki tarehe 5 Desemba 2000. Pamoja naye, Lacor ilipoteza watumishi 13.

Waliotaka kuondoka hawakuwa waoga. Walikuwa wamejeruhiwa moyoni, na kusikilizwa kuliwasaidia kusimama tena.

Dalili za kuangalia

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitaja dalili tatu za uchovu mkubwa wa kazi: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kuona kwamba unachofanya hakifai kitu. Aliyeshuhudia vifo vingi huweza pia kukosa usingizi, kushtuka ovyo na kurudiwa na picha za aliyoyaona. Kwa hiyo tusiharakishe kusema, "Nesi yule ana kiburi."

Jambo hili haliko mbali nasi. Mwaka 2023 ugonjwa wa Marburg uliua watu 6 mkoani Kagera, mmoja wao mtumishi wa afya.

Kamati ya Kawetele inaweza kufanya nini?

- Kuwatembelea watumishi wa afya wa mtaani, kabla ya mlipuko kuja.
- Wakati wa mlipuko, kuacha kuni, ndizi na maziwa mlangoni pao, na kukemea wanaowatenga watoto wao.
- Kumsikiliza aliyefiwa na mwenzake kazini, bila kumhubiria.
- Kumshauri anayezidiwa amwone mtaalamu wa afya ya akili.

Wafadhili nao watenge fungu la mapumziko, watumishi wa kupokezana zamu na ushauri nasaha.

Maswali ya kujadili

1. Nani mtaani kwetu anafanya kazi hospitali, na lini tulimjulia hali?
2. Mlipuko ukija kesho, nani atalea watoto wa muuguzi aliye zamu?